Photosynthesis: namna ya kulikata silabi, kuweka mkazo na kulitamka bila kujikwaa

Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili pale Uyole, Tukuyu au Makambako anafika kidato cha kwanza akijua vizuri kabisa kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa maji, hewa ya ukaa na mwanga wa jua, na kwamba kazi hiyo huitwa usanisinuru. Kisha mwalimu wa Baiolojia anaandika ubaoni neno la Kiingereza lenye herufi 14, na mtoto yule yule aliyekuwa akinyoosha mkono anainamisha kichwa. Sayansi anaijua. Kinachomfunga mdomo ni neno.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi huyo, wa mzazi anayemsikiliza akisoma jioni, na wa mwalimu mwenye darasa lililojaa na muda mfupi. Nimechagua neno moja, photosynthesis, tulichambue hadi mwisho, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kikwazo anachokutana nacho Mswahili katika maneno ya sayansi ya Kiingereza: herufi mbili zinazotoa sauti moja, irabu inayokaribia kumezwa, konsonanti zinazofuatana bila irabu katikati, na mkazo usiokaa pale tulipouzoea.

Niseme mapema msimamo wangu. Lengo si kuongea kama mtu wa London. Lafudhi ya Mbeya au ya Iringa si kosa na haihitaji kufichwa. Tunachotaka ni neno lieleweke mara ya kwanza, anayesikiliza awe Mganda, Mhindi au Mjerumani, na mwenye kulisema aweze pia kuliandika bila kuruka herufi. Na kinacholiharibu neno hili kuliko kitu kingine chochote ni mkazo kuangukia silabi isiyo yake. Hapo ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu.

Hatua ya kwanza: hesabu irabu zinazosikika

Kiswahili kimetulea vizuri kuhusu silabi. Tangu tulipoimba ba be bi bo bu, tulijua kwamba kila irabu iliyoandikwa husikika, na kila irabu hubeba silabi yake. Ma-ka-mba-ko ni silabi nne, Tu-ku-yu ni tatu, na hakuna anayebishana.

Katika Kiingereza herufi hazina uaminifu huo. Neno light lina herufi tano na silabi moja tu. Chlorine lina silabi mbili, kwa maana ile e ya mwisho haisikiki. Phloem, mirija inayosafirisha chakula ndani ya mmea, ni fupi machoni lakini ina silabi mbili: phlo-em. Kwa hiyo usihesabu irabu kwa macho. Hesabu kwa sikio, na kama sikio bado halijazoea, hesabu kwa kidevu.

Weka kiganja chini ya kidevu bila kukibana, kisha sema Makambako taratibu. Kidevu kitashuka mara nne. Sasa msikilize mtu anayelitamka vizuri neno photosynthesis, au sauti ya kamusi kwenye simu, halafu lirudie polepole ukiwa umeweka kiganja pale pale. Kitashuka mara tano. Hizo ndizo silabi tano, na ukipata sita au saba ujue umepachika irabu ambayo haimo. Wengi hupata saba kwa sababu wanasema fo-to-si-ni-the-si-si.

Kuna jambo moja ambalo Mswahili analiweza kuliko watu wengi wanaojifunza Kiingereza, na ni vibaya kulipoteza. Sisi tunayo m inayosimama yenyewe kama silabi: m-tu, m-li-ma, m-to-to. Kiingereza kinayo pia, mwishoni mwa maneno kama prism, organism na metabolism. Prism ni silabi mbili, pri-zm, na ile m ya mwisho inakaa kama m ya mlima, bila irabu mbele wala nyuma. Mwanafunzi anayesema prizimu ameongeza irabu mbili bila sababu, wakati mdomo wake unafanya kazi hiyo hiyo kila siku.

Hatua ya pili: likate neno

Ukishajua kwamba silabi ni tano, unatafuta mahali pa kupitisha kisu. Neno linakatwa hivi: pho-to-syn-the-sis.

Sababu zake si za kukariri tu. Konsonanti moja ikiwa kati ya irabu mbili, kwa kawaida huenda na irabu inayofuata, ndiyo maana t iko na o ya pili: to. Konsonanti mbili zikikutana, mara nyingi huachana, moja ikafunga silabi ya nyuma na nyingine ikafungua ya mbele. Hapo n inabaki na syn, na th inaanza silabi mpya. Lakini ph na th hazikatwi kamwe, kwa sababu kila jozi ni sauti moja. Ph ni f, na th ni ile ile th ya thamani na methali. Anayekata p-ho au syn-t-he anasoma herufi badala ya sauti.

Neno lenyewe limeungwa kwa vipande vya Kigiriki: photo, kinachohusu mwanga, na synthesis, kuweka pamoja. Kiungo kiko baada ya silabi ya pili, na ni vizuri kwamba hapa kiungo cha maana na mkato wa sauti vinakubaliana. Jifunze kusema synthesis peke yake kwanza, kisha uitangulize photo. Maneno mengine hayana huruma hiyo, na mfano wake mgumu uko mwishoni.

Tahadhari kuhusu kamusi. Kamusi nyingi za Marekani huandika neno likiwa na vitone katikati. Vitone vile vinaonyesha mahali ambapo mpiga chapa anaweza kulivunja neno linapofika mwisho wa mstari, na mara nyingi huafikiana na silabi za sauti, ila si mara zote. Ecology lina silabi nne za kusikika, e-col-o-gy, lakini unaweza kukuta kamusi haijatenga e ya mwanzo, kwa sababu wachapaji hawapendi kuacha herufi moja peke yake mwishoni mwa mstari. Ukitaka sauti, tazama maandishi yaliyo kati ya mistari miwili ya mshazari. Neno letu huandikwa hivi kwa matamshi ya Uingereza: /ˌfəʊtəʊˈsɪnθəsɪs/. Alama ndogo ya juu, ˈ, hutangulia silabi yenye mkazo mkuu. Ile ya chini, ˌ, hutangulia silabi yenye mkazo mdogo. Alama θ ni th yetu. Na ile e iliyopinduliwa, ə, ndiyo ufunguo wa hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: mkazo

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema tu-KU-yu, ma-FI-nga, i-RI-nga, ma-ka-MBA-ko. Hata neno likirefuka, mkazo unahama ili ubaki pale pale: SO-ma, lakini so-ME-ni. Hatufikirii, mdomo unajua wenyewe.

Sasa mpe mdomo huo neno pho-to-syn-the-sis. Utahesabu kutoka mwisho na kutua kwenye the: foto-sin-THE-sis. Hilo ndilo kosa lenyewe, na ukali wake ni huu: silabi tuliyoipa nguvu zote ndiyo silabi ambayo Kiingereza kinaitamka kwa unyonge kuliko zote tano. Msikilizaji asiyezoea lafudhi yetu anaingoja SIN yenye nguvu, haipati, na badala yake anapigwa na THE ambayo hakuitarajia. Anaweza kupoteza neno zima hata kama kila sauti imetamkwa sawasawa.

Mkazo mkuu uko kwenye silabi ya tatu: pho-to-SYN-the-sis. Mkazo mdogo uko kwenye ya kwanza, pho. Tofauti ya Kiingereza na Kiswahili haiishii kwenye mahali tu. Kwetu silabi isiyo na mkazo bado hutamkwa kwa irabu kamili. A ni a popote ilipo. Kwa Kiingereza silabi yenye mkazo hupandishwa, hurefushwa na kupewa sauti ya juu zaidi, na wakati huo huo majirani zake hufifia. Kwa hiyo kuweka mkazo ni kazi mbili, kunyanyua SYN na kushusha the. Wanafunzi wengi wakishaelezwa hufanya ya kwanza na kusahau ya pili, wakatoa foto-SIN-THE-sis yenye vilele viwili.

Ile the inayoshushwa ndiyo yenye ə. Kiswahili hakina irabu hiyo, lakini si ngumu kuipata. Legeza taya, ulimi ulale katikati bila kugusa popote, midomo isiviringe wala kutanuka, kisha toa sauti fupi. Njia nyingine ni hii: sema tha, the, thi, kisha ziharakishe zaidi na zaidi mpaka wewe mwenyewe usijue ni ipi unayosema. Umefika.

Mtego mmoja huwanasa hasa wale waliofika chuo. Neno thesis, tasnifu, likiwa peke yake lina mkazo mwanzoni na irabu ndefu, THII-sis. Mtu aliyezoea kulisikia analiingiza zima zima ndani ya photosynthesis na kupata foto-sin-THII-sis. Likiwa ndani ya neno refu, thesis hupoteza mkazo wake. Ndivyo ilivyo pia katika hypothesis, hy-POTH-e-sis, na antithesis, an-TITH-e-sis.

Mkazo wa Kiingereza unahama kufuatana na mwisho wa neno, na hapa ndipo juhudi ndogo inazaa sana, kwa sababu maneno ya sayansi huja kwa koo. Angalia ukoo wa neno letu. Tendo ni pho-to-SYN-the-sis. Kitenzi ni pho-to-SYN-the-size, mkazo haujahama. Kivumishi ni pho-to-syn-THET-ic, na sasa mkazo umerukia silabi ya nne, ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo katika photosynthetic mazoea yetu ya Kiswahili yako sahihi! Mwalimu aanze hata na hilo, mtoto aone kwamba mdomo wake si adui.

Kanuni iliyo nyuma yake ni kwamba mwisho -ic huvuta mkazo kwenye silabi inayoutangulia moja kwa moja. A-TOM-ic, ge-NET-ic, or-GAN-ic, mag-NET-ic. Yapo machache yanayokataa, na lililo karibu na mwanafunzi ni arithmetic, somo la hesabu, linalotamkwa a-RITH-me-tic. Mwisho -ion na -ity hufanya kazi ileile ya -ic: re-AC-tion, e-lec-TRIC-i-ty. Mwisho -logy na -graphy huutaka mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho wa neno: bi-OL-o-gy, ge-OG-ra-phy. Ndiyo maana bi-OL-o-gy na bi-o-LOG-i-cal haviimbiki kwa wimbo mmoja, ingawa ni ndugu.

Maneno yenye -sis yenyewe yana makundi mawili, na ni vizuri kuyatenga daftarini. Kundi la kwanza lina mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho: SYN-the-sis, a-NAL-y-sis, hy-DROL-y-sis, e-lec-TROL-y-sis. Kundi la pili huishia na -osis, na mkazo wake karibu daima uko kwenye ile o, yaani ya pili kutoka mwisho, kama kwetu: os-MO-sis, mi-TO-sis, mei-O-sis, sym-bi-O-sis, tu-ber-cu-LO-sis. Metamorphosis ndilo la kuangaliwa, kwani wengi hulitamka met-a-MOR-pho-sis. Ukikutana na neno jipya la -sis, jiulize kwanza kama kuna o mbele yake.

Na vipimo navyo vina mpangilio wake. Vifaa vya kupimia huwa ther-MOM-e-ter, ba-ROM-e-ter, hy-GROM-e-ter. Vizio vya urefu huwa CEN-ti-me-tre na MIL-li-me-tre. Kilometre wenyewe hulitamka kwa namna zote mbili, kwa hiyo usimsahihishe mtu.

Hatua ya nne: konsonanti tatu za kuangalia

Ya kwanza ni th. Lugha za nyumbani huku, kama Kinyakyusa, Kihehe na Kibena, hazina sauti hiyo, na wapo watu wazima wanaosema selasini na samani wakimaanisha thelathini na thamani. Katika maneno mengi ya Kiingereza nisingehangaika sana nayo. Katika neno hili nahangaika, kwa sababu th iko katikati ya s tatu. Ukiigeuza kuwa s unapata fo-to-SIN-sə-sis, na msikilizaji anabaki na mlio wa s mfululizo usio na umbo. Chukua kioo kidogo. Kwenye s ulimi hauonekani, umejificha nyuma ya meno. Kwenye th ncha yake lazima ionekane kati ya meno ya juu na ya chini, hewa ikipita juu yake. Fanya s, th, s, th mbele ya kioo, ulimi ukitoka na kurudi, mpaka uache kuufikiria.

Ya pili ni kukutana kwa n na th bila irabu katikati. Kiswahili cha asili hupenda silabi iishie kwa irabu, ndiyo maana tunaingiza i: sini-thesis. Lakini sote tunasema labda, daktari na maktaba bila kuweka i baada ya b au k. Uwezo tunao. Ila katika SYN kuna njia ya mkato: usiitamke n kwa ulimi uliopanda kwenye ufizi, itamke ulimi ukiwa tayari umegusa meno, mahali pale pale ambapo th itatokea. Hapo irabu haina nafasi ya kuingia.

Ya tatu ni s ya mwisho. Neno linafungwa na s, halifunguliwi na i. Iache s iishe kwa pumzi tu, kisha ufunge mdomo kabisa kabla ya neno linalofuata, angalau wakati wa mazoezi.

Kuhusu irabu zilizobaki sina mengi. O za pho na to kwa Mwingereza huanzia sehemu moja na kuishia nyingine, karibu na ou, lakini ukisema fo-to kwa o iliyonyooka unaeleweka bila shida. Waskoti wengi husema hivyo hivyo. I ya syn na sis ni fupi na legevu kuliko i ya Kiswahili. Hapo aliyelelewa na Kinyakyusa ana faida, kwani Kinyakyusa kina irabu saba, na i zake ni za aina mbili. Ile legevu ndiyo iliyo karibu zaidi na inayotakiwa.

Hatua ya tano: lijenge kuanzia nyuma

Wengi wakifanya mazoezi huanza na pho na kusonga mbele, wakafika syn wakiwa na nguvu na kuvurugika kwenye the-sis. Matokeo yake wanarudia mara nyingi sehemu rahisi na mara chache sehemu ngumu. Geuza. Anza na mkia, kisha ongeza kipande kimoja kimoja mbele yake:

sis
thə-sis
SIN-thə-sis
to-SIN-thə-sis
fo-to-SIN-thə-sis

Kila mstari urudiwe hadi utoke laini kabla hujapanda. Piga kofi moja tu, kwenye SIN, na kofi hilo lisihame unapoongeza silabi za mbele. Ukisikia kofi linavutwa kuelekea thə, rudi mstari mmoja nyuma. Silabi mbili za mkia, thə-sis, zipite haraka, zote zikitumia muda unaokaribia ule wa SIN peke yake.

Kisha liingize kwenye sentensi, maana neno linalotamkwa vizuri peke yake huweza kuporomoka likipata majirani. Anza na sentensi ambayo neno liko mwishoni: Plants make their food by photosynthesis. Halafu liwe mwanzoni: Photosynthesis takes place in the chloroplasts. Hii ya pili ni ngumu zaidi kwa sababu s ya mwisho inakutana na t ya takes, na i yetu inatafuta mlango wa kuingia. Chloroplasts nayo ina ch inayosomwa k, kama ilivyo katika chlorophyll, chromosome, mitochondrion na chemistry, kwa kuwa yote yana asili ya Kigiriki. Sema KLO-ro-plasts. K na l zitoke pamoja, ulimi ukiwa umeshagusa ufizi kwa ajili ya l kabla k haijalipuka, na l isigeuke r wala r isigeuke l.

Simu, kamusi na darasa

Kamusi za Cambridge, Oxford na Merriam-Webster zina kurasa za bure kwenye intaneti, na kila neno lina kitufe cha spika. Sikiliza matamshi ya Uingereza na ya Marekani, chagua moja ulifuate. Kisha jirekodi kwa simu ukisema neno mara kadhaa, na usikilize ukiwa na swali moja tu: SIN inasikika juu ya wenzake? Usijihukumu kwa mambo yote kwa mpigo. Siku nyingine sikiliza th peke yake. Kama huna intaneti, kamusi ya karatasi yenye alama za mkazo inatosha kabisa, mradi umejifunza kusoma ˈ na ə.

Mwalimu, nakuomba mambo mawili. Neno refu likiingia kwa mara ya kwanza, liandike ubaoni mara mbili, mara moja likiwa zima na mara moja likiwa limekatwa, silabi yenye mkazo ukiipigia mstari chini, na uliache pale kipindi kizima. Na darasa liseme pamoja kwanza, kisha safu moja moja, kabla hujamsimamisha mtoto mmoja. Mtoto aliyechekwa akitamka neno siku ya kwanza atalikwepa mdomoni, na neno analolikwepa mdomoni mara nyingi hulikosea hata kwenye tahajia. Anayeweza kulikata pho-to-syn-the-sis kichwani anaandika kipande kwa kipande, hasahau y wala h.

Maneno ya nyumbani

Photosynthesis likishakaa, usirudi kwenye orodha za vitabu vya mbali. Nyanda za Juu Kusini zina maneno yake ya sayansi.

Kule Ndolezi, Mbozi, kipo kimondo kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, kilichojulikana na wataalamu tangu 1930. Kwa Kiingereza ni meteorite, silabi nne, mkazo mwanzoni: ME-te-o-rite, yaani MI-ti-ə-rait. Pitisha ukoo wake kwenye kanuni zetu. Kivumishi ni me-te-OR-ic, kwa sababu ya -ic. Elimu ya hali ya hewa ni me-te-o-ROL-o-gy, silabi sita, kwa sababu ya -logy. Hukuhitaji kamusi.

Kilima cha Panda karibu na Mbeya kina mwamba uitwao carbonatite, car-BON-a-tite, na ndani yake madini ya niobium, ni-O-bi-um, yaliyomo kwenye pyrochlore, PY-ro-chlore, ambayo hutamkwa PAI-rə-klo. Hiyo ch ni k tena, na y ni ai. Pareto inayopelekwa kiwandani Mafinga ni pyrethrum, py-RE-thrum, silabi tatu, mkazo wa Kiswahili kabisa: pai-RII-thrəm. Mikaratusi ya Mufindi ni eucalyptus, eu-ca-LYP-tus, mkazo wa Kiswahili tena, ila neno huanza kwa yu.

La mwisho ni gumu, na kwa mkulima wa viazi wa Uporoto, Makete au Njombe ndilo lenye uzito kuliko yote. Ukungu unaokausha majani ya viazi mviringo msimu wa mvua na baridi huletwa na kiumbe kiitwacho Phytophthora infestans, kile kile kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845 na kuleta njaa kubwa. Jina la Phytophthora lilitolewa na Anton de Bary, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, mwaka 1876, kwa maneno ya Kigiriki ya mmea na uharibifu. Bwana shamba kijana anayetoka chuoni hulisoma faitofitora, silabi sita, na mkazo kwenye to ya mwisho.

Silabi ni nne. Kiungo cha maana kiko baada ya phyto, lakini sauti inakata mbele zaidi, baada ya ph ya pili: phy-TOPH-tho-ra. Mkazo uko kwenye ya pili. Ph na th zimegusana, kwa hiyo f inafunga silabi na th inafungua nyingine, bila irabu kati yake. Kwa f meno ya juu yanagusa mdomo wa chini. Kwa th ulimi unatoka kati ya meno. Usiuachie mdomo wa chini kabla ulimi haujafika, na ile i haitaingia. Anza nyuma kama tulivyofanya: rə, thə-rə, TOF-thə-rə, fai-TOF-thə-rə. Kofi moja, kwenye TOF. Kisha ongeza in-FES-tans, mkazo katikati, na uyaseme yote mawili kwa pumzi moja.